Vuta Wewe Kwanza

Mimi si mtu mwema, na atakayekwambia vinginevyo hanijui. Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Nina kinyongo, tena cha kudumu. Mume wangu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, husema mimi ni moto wa pumba: huoni mwali wala moshi, lakini ukikanyaga utajua. Basi kuna mtu alikanyaga. Tena aliyekanyaga ni mdogo wake mwenyewe, shemeji yangu, niliyemlea kwa mikono hii.

Kazi yangu ni fundi wa mashine. Miaka kumi na minne nilikuwa kiwanda cha nguo, natia mafuta cherehani sitini kwa wiki. Nyapara wetu alikuwa mama mmoja mnene, sauti kama king'ora, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: fundi akishatia mafuta cherehani, ashone kwanza kwenye nguo yake mwenyewe. Si kwenye kitambaa cha majaribio, la. Kwenye upindo wa gauni ulilolivaa. Mafuta yakizidi, yakuchafue wewe kabla hayajamchafua mteja. Magauni yangu ya miaka ile yote yana mishono isiyo na kazi chini kule, mistari ya kila rangi. Nilimlaani yule mama kila jioni, lakini sheria yake iliniingia mwilini na haikutoka.

Kiwanda kilipofungwa nikapata kazi ya kufagia kwenye ukumbi wa mazoezi ulio nyuma ya nyumba yetu. Nikisema nyuma, ni nyuma kweli: ukuta wa jikoni kwangu ndio ukuta wa ukumbi. Nikikaanga kitunguu, wanaonyanyua vyuma wanajua. Na wao wakidondosha vyuma, vikombe vyangu vinacheza kabatini.

Kwenye kona ya ukumbi, upande wa ukuta wangu, palikuwa na mashine ya kupiga makasia. Wanachama waliiita Mtumbwi. Unakaa kwenye kiti kidogo chenye magurudumu, kiti kinateleza juu ya reli ndefu, miguu umeifunga mbele, unashika mpini na kuuvuta mpaka kifuani. Mpini umeshikwa na mnyororo, mnyororo unazungusha feni kubwa iliyo ndani ya kizimba, halafu kamba ya mpira inaurudisha mnyororo ndani. Siku nilipoanza kufagia pale, Mtumbwi ulikuwa unapiga kelele kama lango la zizi, na hakuna aliyeugusa. Nikamwambia Meneja, "Nipe wiki moja." Akacheka, akanipa.

Haikuhitaji wiki. Ilihitaji mtu mwenye subira. Reli niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchafu mweusi ukaisha, nikageuza kiti na kuondoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu yake. Reli haipakwi mafuta, sikia vizuri, maana hapo ndipo kila mjuaji hukosea. Ukiipaka, magurudumu hayazunguki tena, yanaburuzika, na baada ya mwezi yamelika upande mmoja. Mafuta ni ya mnyororo peke yake. Nayo humwagi kama unayemwagilia mchicha. Unatia matone machache kwenye kipande cha shuka kuukuu jeupe, unaubana mnyororo kwa kitambaa, unauvuta wote taratibu, kisha unafuta yaliyozidi. Kitambaa kikitoka na weusi, hiyo ni kazi, ni jasho la chuma. Kikitoka na rangi ya matofali, hiyo ni kutu, na hapo usilale. Mwisho unaangalia kiungo cha mwisho kabisa, pale mnyororo unaposhika mpini, kwa sababu hapo ndipo unapojikunja kila siku, na kama utakatika, utakatika hapo.

Nilitumia mafuta ya cherehani. Mepesi, safi, hayana harufu, hayanasi vumbi. Na nikishamaliza, nakaa mimi mwenyewe kwenye kiti, navuta mara mia moja. Kwa gauni hilohilo la kufagilia, kiuno kinalia, navuta. Sheria ya nyapara.

Miaka tisa nilifanya hivyo. Mtumbwi ukawa unasema *shhh*, *shhh*, kama mtu anayembembeleza mtoto. Meneja alinitoa kwenye ufagio akanipa mashine zote. Wanachama wakaniita Fundi. Mafundi cherehani wa mtaa mzima wakawa wananiletea mashine zao zilizokwama, wanasimama mlangoni wanaita, "Fundi! Fundi upo?" Jamani, wewe huenda umeitwa mheshimiwa na hukujali. Mimi niliyezaliwa nyumba ambayo mwanamke aliitwa "we!" tu, jina hilo lilikuwa linaniingia kama chai ya moto asubuhi. Nililipenda kuliko mshahara wenyewe.

Sasa shemeji. Mama mkwe wangu alifariki akiniachia kijana wa miaka kumi, akasema, "Mtunze kama wako." Nikamtunza. Nilimfunga kamba za viatu, nikamtibu surua, nikamsomesha kwa cherehani. Alipokua na kuhangaika na ajira nikampeleka kwa Meneja, nikasema, "Huyu ni mwanangu, mpe kazi, nitamfundisha." Nikamfundisha vyote, mpaka sheria ya kuvuta kwanza. Ile akaikataa kwa kicheko. "Shemeji, mimi ni fundi au kijakazi wa mashine?" Mimi nikacheka naye, mjinga mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, tena nguo niliishona mwenyewe.

Siku moja akaja na kopo la dawa ya kupulizia, ile ya kulegeza nati zilizoganda. Akapuliza mnyororo mbele ya Meneja, *pssss*, dakika mbili, mnyororo unang'aa, harufu nzuri ukumbi mzima. "Shemeji anatumia nusu saa na kitambaa cha shuka," akamwambia Meneja. "Na unajua anatia nini? Mafuta ya cherehani! Mashine ya maana kama hii!" Meneja akacheka mpaka akashika meza. Nikawaeleza kwamba dawa ile inaosha, hailainishi. Inayatoa mafuta yaliyomo ndani ya viungo, wiki ya kwanza mnyororo ni kimya kama mgonjwa aliyepigwa sindano, halafu unakauka. Nani anisikilize? Baada ya mwezi nikaambiwa nipumzike, umri umekwenda. Nina miaka hamsini na mbili! Shemeji akapewa funguo zangu. Wanachama wakaanza kumwita Fundi Dawa.

Miezi saba baadaye, asubuhi moja, nikiwa naosha vyombo, nikasikia kupitia ukutani kishindo ambacho hakikuwa cha vyuma. Kisha yowe la mwanamke.

Aliyekuwa kwenye Mtumbwi ni Mwalimu. Mama mstaafu, umri wa sitini na nane, mwembamba, amenyooka kama rula, aliyefundisha hesabu nusu ya watu wa mtaa huu akiwemo Meneja. Alikuwa anavuta kwa ajili ya mgongo wake, asubuhi nne kila wiki. Mnyororo ulikatika palepale nilipokwambia, kwenye kiungo cha mwisho, akaruka kinyumenyume na mpini mkononi, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Unadhani nani alilaumiwa? Shemeji alisimama pale, Mwalimu bado yuko chini, akasema mafuta ya cherehani ya miaka tisa ndiyo yaliyokula chuma kutoka ndani, polepole, kama mchwa. Kama mchwa! Na watu wazima, wenye akili zao, wakatikisa vichwa. Meneja akabandika tangazo mlangoni kwamba "ajali imetokana na uzembe wa mhudumu wa zamani". Jina la Fundi likafa siku hiyo. Nikawa Mama Cherehani. Mafundi cherehani wakaacha kuniletea mashine, eti mafuta yangu yanakula chuma, na chupa ni ileile wanayotumia wao! Nikabaki na pindo na zipu. Watu nikipita wananyamaza, nikishapita wanacheka. Mume wangu akamwendea mdogo wake, wakazungumza uani, akarudi ananiambia, "Anasema ndivyo anavyoamini." Shemeji aliendelea kuja kula kwetu Jumapili, ananyoosha sahani, "Shemeji, ongeza mchuzi kidogo." Nikaongeza. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaapa kwamba yeye ndiye atakayenirudishia jina langu, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu walewale, ndani ya ukumbi uleule.

Mtu mmoja tu hakuacha kuniita Fundi. Alikuja mlangoni mkono umefungwa plasta, gauni limekunjwa kwapani. "Fundi, nipanulie mkono wa gauni hili, plasta haipiti." Nikashindwa kumtazama usoni. Akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, akasema, "Sikuamini hata neno moja. Mtoto niliyemfundisha hesabu naijua akili yake ilipoishia." Anamsema Meneja. Nililia siku hiyo, nakiri. Kuanzia hapo akawa anakuja kila Alhamisi jioni na kazi ndogo: kifungo, kola, kiuno cha kupunguza. Nilijua nyingine anazifumua mwenyewe kwa mkasi nyumbani ili apate cha kuleta.

Mnyororo mpya ulikuwa umefungwa. Mwalimu alipopona, daktari akamwambia aendelee kuvuta, taratibu. Akarudi kwenye Mtumbwi, asubuhi nne kila wiki, kwa sababu hakuwa mtu wa kuogopa chombo. Na mimi, kikombe cha chai mkononi, sikio ukutani, nikawa nasikiliza.

Mwanzoni ulisema *shhh*. Mnyororo mpya huja na mafuta yake. Halafu nikasikia *pssss*, harufu ikapita dirishani, nikatabasamu peke yangu jikoni. Wiki zikapita, Mtumbwi ukaanza kukwaruza. Na asubuhi moja ukaanza kile nilichokuwa nakingoja: *tak*. Mwanzo wa kila mvuto, *tak*, pale kwenye kiungo cha mwisho. Nilichukua chaki ya kukatia nguo nikachora mstari mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Siku za mwizi ni arobaini. Nikaanza kumhesabia.

Najua unachouliza. Nami nilijiuliza, sikuwa jiwe. Lakini nilipiga hesabu zangu hivi: nikimwambia Mwalimu leo, ataacha kuvuta na atamwambia Meneja. Meneja atamwambia shemeji. Shemeji atabadilisha mnyororo kimyakimya jioni, kesho atasema alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo. Na mimi nitabaki Mama Cherehani mpaka nizikwe. Mkutano wa wanachama ulikuwa unakuja, wote wangekuwepo. Nilichohitaji ni mnyororo uvumilie mpaka siku hiyo. Nilikuwa naujua ule mnyororo, nilijiambia. Nausikia. Utavumilia.

Mume wangu aliiona mistari. Ilikuwa imefika kumi na sita.

"Hizi za nini?"

"Siku za mwizi."

Akasimama akisikiliza ukutani. *Tak. Tak. Tak.* "Anayevuta saa hizi si Mwalimu?"

"Kunywa chai yako itapoa."

Akanitazama, akanywa. Hakusema tena, nami nikafurahi hakusema.

Alhamisi zilikuja na kupita. Mwalimu amekaa kwenye kigoda, ananisimulia mgongo wake unavyopata nafuu, mimi nina pini mdomoni, nampima kiuno. Pini mdomoni ni kitu kizuri, hakuna anayetegemea uzungumze.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi asubuhi, mstari wa thelathini na nane. Nilivaa gauni langu zuri la bluu, mkobani nikatia kipande cha shuka jeupe na chupa ya mafuta ya cherehani. Ukumbi ulijaa, viti vimepangwa katikati ya mashine. Shemeji alikuwa amekaa mbele, suti, viatu vinang'aa kama mnyororo uliopulizwa dawa, kwa sababu Meneja alikuwa anampa cheti cha mfanyakazi bora. Cheti! Nilisimama mlangoni mpaka kilipofika mkononi mwake. Nilitaka kiwe mkononi.

Kisha nikatembea mpaka kwenye Mtumbwi.

"Mama Cherehani amekuja kushona!" mtu akasema, watu wakacheka. Meneja akainuka. "Mama, huu ni mkutano wa wanachama. Tafadhali."

"Mwacheni aseme," ikatoka sauti ya safu ya pili. Ilikuwa ya Mwalimu. Meneja akakaa, maana mwanafunzi ni mwanafunzi.

Nilikunjua kipande cha shuka, nikakiinua juu wakione ni cheupe. Nikaubana mnyororo, nikauvuta urefu wake wote. Nikakiinua tena. Kilikuwa na mstari wa rangi ya matofali kutoka pembe hadi pembe. Kicheko kikakatika.

"Hiyo ni kutu ya mnyororo wa miezi sita," nikasema. "Mimi sijaugusa hata kwa kidole. Haya, mchwa wangu wameingilia wapi?"

Shemeji akatabasamu, lile tabasamu la kuomba mchuzi. "Shemeji yangu ana uchungu, mnisamehe ndugu zangu. Ni mambo ya nyumbani. Kutu kidogo ni kawaida, mashine ni nzima kabisa."

"Ni nzima?"

"Ni nzima."

"Basi kaa. Vuta mara kumi. Kwa nguvu zako zote, kama kijana uliyekula ugali wangu miaka kumi na nane."

Ukumbi ukafurahi. Watu wanapenda kuona suti inafanya kazi. "Kaa, Fundi Dawa! Onyesha!" Wakaanza kupiga makofi kwa mpigo. Shemeji akacheka nao, akanyoosha mikono. "Nimevaa suti, jamani."

"Vua koti," nikasema.

"Nimetoka kula."

"Mara tano."

"Mgongo wangu—"

"Mgongo wa Mwalimu ndio unaovuta hapa kila siku, na ana miaka sitini na nane. Mara moja, shemeji. Vuta mara moja tu."

Makofi yalikuwa yamekoma. Mtu mmoja mmoja alikuwa anaanza kuelewa, unaona macho yanavyohama, kutoka kwake kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwake. Jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye kola niliyomfundisha kuipiga pasi. Meneja akaona aibu ya cheti chake, akanong'ona kwa ukali, "Kaa basi, bwana, tumalize!"

"Siwezi," shemeji akasema.

"Kwa nini huwezi?" Niliuliza polepole. Lo, nililionja kila neno.

Akatazama sakafu. "Utakatika."

"Sema wasikie wa nyuma."

"Nimesema utakatika!"

"Na ule wa kwanza? Uliujua?"

Alikaa kwenye kiti chake, cheti kimejikunja mkononi, akafunika uso. Jibu gani tena unalitaka? Alikuwa ameusikia ukilia, akapuliza dawa, akaenda zake, akamwacha mama wa watu akikalie kiti kile.

Haki ya Mungu, sijawahi kufurahi vile, si siku ya harusi, si siku nilipojifungua. Ukumbi ulilipuka. Meneja anafuta miwani, haoni pa kuweka macho. Wale waliokuwa wakicheka nikipita wanasema, "Tulijua sisi, tulijua." Mtu akapiga kelele, "Fundi! Fundi wetu!" na wengine wakaitikia. Nikapanda juu ya reli, mimi mwanamke wa kilo themanini, nikapaza sauti.

"Mlinicheka! Mlisema nimekula chuma! Siku thelathini na nane mimi nimekaa jikoni kwangu nikiusikia mnyororo huu ukilia kupitia ukuta ule! Siku thelathini na nane! Nimezichora mlangoni! Sihitaji hata kuuona, nausikia tu, najua! Nani fundi hapa?"

"Wewe!" wakasema.

Ulimi huponza kichwa. Wazee walisema, nami nilikuwa juu ya reli nasikia jina langu tu.

Niliposhuka, watu wananipa mikono, nikamtafuta Mwalimu. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa bado amekaa safu ya pili, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, juu ya kifundo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilifikiri anaomba. Alikuwa anapiga hesabu.

"Thelathini na nane," akasema. "Siku nilizovuta mimi ni ishirini na mbili."

"Mwalimu—"

"Alhamisi ni sita."

Sikuwa na pini mdomoni siku hiyo, na bado sikupata la kusema.

"Alhamisi sita nimekaa jikoni kwako." Hakupandisha sauti, wala hakulia. "Yule kijana alinyamaza ili asiumbuke. Wewe ulinyamaza ili aumbuke. Mimi niliyekuwa juu ya kiti, nikutofautisheni kwa kipi?"

Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka taratibu akipita katikati ya watu waliokuwa wanaimba jina langu.

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Mwalimu hana shukrani, kwamba bila mimi angevunjika na mkono wa pili. Mume wangu alikuwa anafuta ile mistari ya chaki kwa kitambaa kibichi. Akaifuta yote, akakamua kitambaa, akatoka.

Mengine yalikwenda kama nilivyoapa. Shemeji alisimama mbele ya wanachama akaniomba radhi, akalitaja jina langu la kazi kwa mdomo wake. Meneja akaandika tangazo jipya kwa herufi kubwa na funguo zikarudi kwangu. Mafundi cherehani wanasimama tena mlangoni, "Fundi upo?" Shemeji siku hizi anauza vipuri mtaa wa pili, na Jumapili haji. Simsamehe, wala usinishauri. Nimefunga mnyororo mpya, nimeulisha mafuta, Mtumbwi unasema *shhh* kama zamani.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kazi, kitambaa bado kiko mkononi. Nikamwambia kwa furaha, "Karibu, Mwalimu, uko tayari, nimeshauvuta mara mia."

Akasimama pembeni ya reli, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

"Sikuona," akasema. "Vuta wewe kwanza, mama."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi! Kwa mashine yangu! Nilitaka kumwambia maneno, na unanijua sasa, maneno ninayo. Nikamtazama mkono ule wa kulia, ambao haukunyooka tena sawasawa. Nikakaa. Nikafunga miguu, nikashika mpini, nikavuta. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hakuruka hata moja, mpaka mia. Kisha akafuta kiti kwa leso yake, akakaa.

Asubuhi nne kila wiki anakuja, na asubuhi nne kila wiki navuta mia mbele yake. Gauni lake la mwisho bado limening'inia jikoni kwangu, upindo umeshonwa nusu, hajaja kulichukua wala sijathubutu kulipeleka. Mtaa mzima unaniita Fundi, mpaka watoto wanaocheza njiani. Yeye ananiita mama.